Nguo Nyeupe Chini ya Injini

Nassor, mjukuu wangu, picha yako imefika kutoka Unguja. Nimeitazama kwa miwani, nimeitazama bila miwani, kisha nikampa bibi yako, ambaye hajashika spana maisha yake yote, naye akaguna. Umebadilisha oili ya gari la watu, chini ya injini kumefanyika dimbwi dogo, na wewe na mafunzo yako ya chuo unaniuliza: "Babu, itakauka yenyewe?"

Itakauka! Nguo hukauka, kidonda hukauka, hata midomo ya mwongo hukauka. Oili haikauki. Hutambaa tu ikitafuta mahali pa chini, na ikishapata hukaa hapo kukungoja.

Najua wenzako wa gereji watasoma haya, maana simu zenu hazina mlango. Wasome. Nimefanya kazi hii karibu miaka arobaini, kwanza Majunga nilikozaliwa, halafu Moroni, halafu hapa Mutsamudu, kisiwa kingine, katika mtaa wa Hombo, mpaka magoti yangu yakagoma. Kiswahili changu ni cha wafanyabiashara wa Unguja niliokaa nao Majunga. Mkikuta neno limepinda, lisukumeni pembeni, kama mnavyosukumia lawama mtu mwingine.

Kwanza nikujibu kifundi, usije ukasema babu kakutukana bure.

Ukifungua filta ya oili, hata uifungue kwa adabu namna gani, oili itamwagika. Itateremka kwenye ubavu wa injini, itaingia kwenye kila pembe, nyingine itakaa juu ya chuma cha chini kinachobeba injini kama maji kwenye sahani. Mteja akitoka na gari, akapita kwenye shimo la kwanza, sahani inapinduka. Akifika kwake anaona matone, anakupigia simu anakuita mwizi. Hayo ni masalio. Gari halina ugonjwa, ni uchafu wako wewe. Dawa yake ni kopo la maziwa lililokatwa ubavu, ulikinge chini ya filta kabla hujailegeza. Ukimaliza, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha futa tena kwa kitambaa kikavu. Chini, mwaga majivu ya jikoni au maranda, yaache yanywe, ndipo ufagie. Usimwage maji. Nimewaona vijana wa leo wakimwaga maji juu ya oili, kisha wanashangaa mbona dimbwi limekuwa kubwa zaidi na sasa lina rangi rangi.

Lakini kuna tone jingine, nalo halitoki kwenye sahani. Linatoka kwenye filta yenyewe, pale mpira wake unapokutana na uso wa injini. Kwa macho matone hayo mawili ni mapacha, na hapo ndipo wavivu wote wanapojificha. "Ni masalio tu, bosi." Nalijua sana neno hilo. Nililisema mimi, Moroni, na mtu mwingine akalilipia.

Mji wa Moroni, kama hujafika, umekaa juu ya jiwe jeusi. Mlima ulitapika na sisi tukajenga nyumba juu ya matapishi yake. Ardhi nyeusi, mchanga mweusi, na kila gereji ya wakati ule ilikuwa na chungu ya mchanga huo pembeni. Oili ikidondoka, fundi anachota mkono mmoja anarusha, basi, nyeusi juu ya nyeusi, na mteja akija anaona gereji imefagiliwa kama ua wa msikiti. Gari likivuja kutwa nzima, mchanga unameza na haumwambii mtu. Watu wale waliita jambo hili usafi. Nilikaa nao na kuwacheka, na mwisho wa kucheka kwangu utauona.

Nilifika mwaka sabini na saba, pamoja na wale tuliorudishwa baada ya watu wenye asili ya visiwa hivi kuuawa Majunga. Nasema tulirudishwa, lakini mimi visiwa hivi sikuwahi kuviona. Nilishuka na begi moja na kiburi cha mabegi saba, kwa sababu Majunga nilifanya kazi kwa Mfaransa mwenye sakafu ya saruji na shimo la kushukia chini ya gari. Wenyeji walitudharau sisi wa kuja na ndege, nasi tukawadharau wao wa kuzaliwa pale, na hakuna aliyepunjwa.

Aliyenipa kazi alikuwa Fundi Kombo, mtu wa Ikoni, ule mji wa kale uliopo kusini kidogo mwa Moroni. Gereji yake ilikuwa kando ya njia ya kwenda kwao, mabati manne juu ya nguzo sita. Alikuwa mfupi, mkavu, asiyependa maneno. Na alikuwa na jambo moja lililowafanya watu wote wamcheke: hakuweka mchanga. Badala yake alikuwa na nguo nyeupe, upande mzima wa kanzu yake iliyochakaa, imefuliwa na kutundikwa kwenye msumari.

Kila alipobadilisha oili, alifuta injini, akaiwasha, akaitandika ile nguo chini na mawe manne kwenye pembe, kisha akaenda kunywa chai. Mteja ananung'unika, ana haraka, ana mkutano, ana mgonjwa. Fundi Kombo anapuliza chai. Akirudi akaikuta nguo nyeupe, gari linaondoka. Akikuta tone moja, moja tu, anaingia tena uvunguni. "Fundi Kombo anayaswalisha magari," watu walisema, na mimi mtu wa Majunga nilicheka kuliko wote. Nilimwambia siku moja kwamba Majunga hatukuwa na mambo hayo.

"Majunga mlikuwa na saruji," alinijibu. "Saruji ilikuwa inawaona."

Sikumwelewa, na wala sikujaribu.

Mwaka sabini na nane wakaja wale wazungu wa kukodiwa. Mamluki. Walishuka usiku wakiwa wachache, na kabla hatujafahamu vizuri, nchi ilikuwa yao na sisi wapangaji. Walipita mjini na magari yao wazi, miguu nje, miwani myeusi hata kukiwa na mawingu. Walijifanya wanajua kila kitu, na nakuambia mimi niliyeyaona magari yao kwa chini: hawakujua hata kupima oili. Mmoja wao, tuliyemwita Sajini kwa sababu jina lake hakuna aliyepewa, ndiye aliyekuwa akileta magari kwetu. Hakupanga foleni. Aliegesha nyuma ya gari la mtu mwingine, akazima, akawasha sigara.

Sasa sikiliza siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne miaka michache baada ya kuja kwao. Fundi Kombo alikuwa amefiwa na ndugu Ikoni, akavaa akaenda maziko. Kabla ya kuondoka alinionyesha ule msumari.

"Mmadi, nguo kwanza, mteja baadaye."

"Ewa, Fundi," nikamjibu, ndiyo ya haraka ya mtu ambaye hasikilizi.

Hata jasho la kumuaga halijanikauka, Sajini akaingia. Gari lake lilitakiwa bandarini kabla ya adhuhuri, lipakiwe kwenye meli kwenda Mutsamudu, na alitaka oili mpya kabla ya safari. Nikaingia uvunguni. Yeye akasimama miguuni kwangu, na kila baada ya dakika anapiga soli ya kiatu changu teke dogo. "Haraka, wewe. Haraka." Si teke la kuumiza. Ni teke la kumwamsha punda. Na mimi, badala ya kutoka nimwambie akae kwenye benchi kama watu wengine, nikataka kumwonyesha kwamba mtu wa Majunga ni mwepesi. Kwa mzungu wa kukodiwa! Nilitaka anisifu, Nassor. Ndilo jambo linalonitia kichefuchefu mpaka leo.

Filta ya zamani ilikuwa imeganda. Nikaitoboa kwa bisibisi nikaizungusha kama mchinjaji, oili ikanimwagikia mpaka kwapani. Ikatoka. Nikapitisha kitambaa pale inapokaa, nikapitisha tu, bila kuangalia. Mpya nikaipaka oili kwenye mpira wake kwa kidole, nikaifunga mpaka mpira ukagusa, nikaongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Kufunga nilifunga vizuri. Lakini mpira wa filta ya zamani haukutoka na filta yake. Ulibaki umegandamana na injini, mweusi juu ya chuma cheusi, na mimi nikafunga filta mpya juu yake. Mipira miwili mahali pa mmoja. Injini ikiwa inanguruma polepole, inashika. Ukipanda mlima, oili ikasukumwa kwa nguvu, inateleza inatapika yote nje.

Nikawasha gari. Nikatazama chini. Tone. Nikahesabu mpaka kumi. Tone jingine.

"Nini hiyo?" Sajini akauliza.

"Masalio tu, bwana."

Je, nilijua? Wamenizeesha kwa swali hilo watoto wangu wote. Nitawaambia ninyi kitu ambacho sikuwaambia wao: nilikuwa na shaka. Nguo ilikuwa pale kwenye msumari, hatua tano. Ningeitandika, ningeijua kweli kabla chai haijapoa. Badala yake nilikwenda gereji ya jirani, nikachota mchanga mweusi mikono miwili, nikarusha chini ya gari. Matone yakatoweka. Sajini akaondoka bila hata kusema ahsante, na mimi nikanawa.

Fundi Kombo akarudi jioni na vumbi la makaburini miguuni. "Wa leo walikuwa wangapi?" Nikamwambia, mmoja. "Nguo ilitoka safi?"

"Safi, Fundi."

Na kweli ilikuwa safi, maana hakuna aliyeigusa.

Wakaja Ijumaa, watu wametoka msikitini. Magari mawili. Fundi Kombo alikuwa bado na kanzu yake ya Ijumaa, nyeupe, imepigwa pasi, kwa kuwa alipita gerejini kuchukua funguo tu. Askari mmoja wa kwetu, aliyekuwa akitumikia wazungu wale na kuona haya, akatafsiri: gari limekufa mlimani juu ya Mutsamudu, injini imeng'ang'ana, haigeuki, na wakubwa wake wameachwa njiani kama mizigo. Hii si ajali, hii ni hila. Nani aliifanya kazi ile?

Fundi Kombo akaiangalia ile nguo msumarini. Akaangalia chini, mahali ambapo palikuwa na mchanga ambao yeye hajawahi kuununua. Akaniangalia mimi.

"Gereji ni yangu," akasema. "Mkono ni wangu."

Wakampandisha nyuma ya gari. Unauliza mimi nilifanya nini? Nilikuwa nimeshika spana namba kumi na tatu. Niliishika vizuri sana, haikuanguka. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya siku ile.

Asubuhi iliyofuata alikuja mkewe, Bweni Zaliha, bweni likiwa neno letu la kumheshimu mama mtu mzima. Kwetu mdogo ndiye anayeanza kumwamkia mkubwa, husema "Kwezi," na mkubwa huitikia "Mbona." Mkubwa asipoitikia, basi wewe haupo, umefutwa.

"Kwezi, Bweni."

"Mbona," akajibu, kwa sababu adabu ni adabu hata siku ya msiba. Kisha akatembea mpaka pale, akaupangusa mchanga kwa kandambili yake. Chini yake oili ilikuwa bado mbichi. 

"Mume wangu hatumii mchanga," akasema. "Wewe ndiye uliyeuleta?"

"Ndiyo, Bweni."

"Basi sikiliza, mwanangu. Wale wanasema ni hila. Watamshika mpaka ataje aliyemtuma. Aliyemtuma hayupo. Wa kumtaja ni wewe tu, na yeye hatakutaja, ninamjua. Sasa niambie wewe mwenye akili za Majunga, atakaa huko muda gani?"

Bweni Zaliha akavuta buibui lake vizuri.

"Usinililie hapa. Kuna boti kesho."

Nikaipanda. Nilitapika kutoka kisiwa hata kisiwa, na katikati ya kutapika nilikuwa na wazo moja: kama hawajaifungua ile filta, ushahidi bado uko mahali pake. Mipira miwili. Mtu mwenye hila hafanyi hivyo. Mwenye hila angelegeza nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, au angetia mchanga kwenye oili, au sukari kwenye petroli. Kuacha mpira wa zamani ni kazi ya mpumbavu peke yake. Kwa hiyo, Nassor, mimi nilisafiri baharini kwenda kuthibitisha mbele ya watu kwamba ni mpumbavu. Sijui kama kuna fundi mwingine aliyesafiri kwa shughuli hiyo.

Gari walikuwa wamelisukuma mpaka Hombo, kwenye banda la Mzee Humadi, mtu wa malori ya kubeba maua ya langilangi. Banda lake lilikuwa na sakafu ya saruji aliyoipaka chokaa, na katikati ya weupe ule gari limekaa limejiharia. Sajini alikuwepo, kavimba, kwa sababu injini ya kubadilishia haikuwepo kisiwani. Aliponiona akainuka.

Nikasema yote kwa Kifaransa, kabla ujasiri haujatoroka. Ni mimi, si mzee yule. Yeye alikuwa mazikoni. Wala si hila. Fungueni filta mtaona.

"Fungua wewe," akasema, mkono wake uko kiunoni penye bastola.

Nililala chini. Filta ikafunguka kwa vidole viwili. Nikaitoa, nikauchomoa mpira wa zamani pale ulipogandia, mgumu, bapa, na mpya ukining'inia umepasuka. Nikaiweka yote miwili kwenye chokaa, mmoja kando ya mwingine, na kila mmoja ukaacha duara jeusi. Nikawaeleza. Sijawahi kufundisha somo kwa ufasaha kama siku ile. Huu ungepaswa kutoka, bwana. Huu haukutoka. Mtu mwenye macho angeuona. Mimi sikuangalia.

Sajini aliinama, akaitazama, akaanza kucheka. Akawaita wenzake. "Njooni muone. Sisi tunatafuta hila! Hila inataka akili. Watu hawa hata mpira hawawezi kuutoa." Wakacheka wote. Na mimi nikacheka nao, Mungu anisamehe, kwa sababu niliona kuwa kicheko kile ndicho ufunguo wa mlango alikofungiwa Fundi Kombo, na sikutaka kukikatiza.

Nilipoingia ndani ya gari kusaidia kulisogeza, niliona jambo. Kwenye dashibodi, mbele ya taa za hatari, mtu alikuwa amechomeka pakiti ya sigara. Taa nyekundu ya oili iliwaka, Nassor. Iliwaka mlima mzima, nyuma ya pakiti ya sigara, na mabwana wale wenye akili waliendelea kukanyaga mafuta mpaka injini ikafa. Nami nilikuwa nimeshakubali mbele yao kwamba mpumbavu ni mmoja. Niliitazama ile pakiti, nikaiacha ilipo. Mzee Humadi aliyekuwa mlangoni aliniona nikiitazama. Aliguna kidogo na kutema mate nje.

Fundi Kombo aliachiwa siku ya tisa. Nilikuwa nimerudi, nimekaa gerejini sijui nishike nini. Akaja kwa miguu. Ile kanzu ya Ijumaa ilikuwa mwilini, lakini usingeijua. Baadaye Bweni Zaliha ndiye aliyenieleza. Walimweka kwenye banda la magari yao na wakamwamuru afute sakafu, oili ya miezi waliyoimwaga wenyewe, kila siku kutoka asubuhi. Hawakumpa kitambaa.

"Kwezi, Fundi," nikasema.

Alipita. Akavua kofia, akaitundika, akachukua spana. Hakuitikia.

Bweni Zaliha aliifua kanzu ile mara tatu kwa majivu na sabuni, ikabaki ya kijivu. Siku ya nne Fundi Kombo akaja nayo imekunjwa. Akakaa kwenye benchi, akaichana vipande vya urefu wa mkono, polepole, kwa kufuata uzi, kama mtu anayefanya kazi ya kawaida. Akavipanga, akaniwekea mapajani.

"Hivi ni vyako. Vya kufutia pale filta inapokaa. Ukifuta, tazama."

Sikumwomba radhi, maana ningemwomba kwa lugha gani? Ningepiga magoti kwenye vipande vya kanzu yake?

Tangu siku ile alinifundisha kila kitu. Alinifundisha kupitisha kucha kwenye uso wa injini, maana kucha huhisi mpira ambao jicho halijauona. Alinifundisha kuikagua filta ya zamani kwanza kabla ya kuitupa: mpira wake upo? Haupo? Basi uko juu, urudi ukautafute. Alinifundisha kuijaza filta mpya oili kabla ya kuifunga pale inapokaa wima, ili injini isikauke koo. Oili chafu aliitunza kwenye pipa, watu wakaja kuchota ya kupaka nguzo zao zisiliwe na mchwa, na haikumwagwa tone pwani. Alinifundisha yote hayo kwa mkono na kwa kidevu. Lakini kila asubuhi nilimwambia "Kwezi, Fundi," na kila asubuhi alinyamaza. Miezi saba. Wateja walisikia, wakajua, wakaangalia pembeni. Nilitamani anipige.

Kisha siku moja ililetwa teksi ya Ikoni, oili yake nyeusi kama kahawa ya matanga. Nikakinga kopo, nikatoa filta, nikaigeuza. Mpira haukuwepo. Nikachukua kipande cha kanzu, nikafuta, nikapitisha kucha, nikaukuta. Nikauchomoa taratibu. Sikumwita mtu kumwonyesha, niliutia mfukoni. Nikafunga filta mpya, nikafuta kote, nikawasha, nikatandika nguo nyeupe na mawe yake manne. Dereva akaanza: ana abiria, ana haraka, ana mama mkwe. Nikamwambia akae.

Muda ulipotosha nikaenda kuitazama, nguo ilikuwa nyeupe. Nikaikung'uta, nikaitundika, nikakaa kwenye benchi upande wangu. Fundi Kombo alikuwa akimimina chai. Hakugeuza kichwa. Ilikuwa alasiri, na mimi salamu yangu ilikuwa ya asubuhi.

"Mbona," akasema.

Akanipa kikombe. Nilikunywa chai ile na kamasi zangu ndani yake, na sioni haya kukuambia.

Miaka ikapita. Mzee Humadi akaniita Hombo, akasema anataka fundi mwenye uzoefu wa kuwa mpumbavu hadharani, nikaenda, nikaoa, nikabaki. Mamluki waliondoka mwaka themanini na tisa, wakipanda ndege na miwani yao myeusi. Hakuna aliyewaamuru wafute sakafu. Fundi Kombo alifariki kwao Ikoni, kitandani mwake, na nilikuwa mmoja wa waliombeba.

Vile vipande vya kanzu vilikwisha kimoja kimoja, kazini, kama alivyotaka. Kimebaki kimoja. Watu wa nyumba hii wananishauri nikitie kwenye fremu. Fremu! Kitambaa cha kufutia injini! Nimempa jirani anayekuja Unguja wiki hii, kimekunjwa ndani ya bahasha yenye jina lako.

Kwa hiyo swali lako nimelijibu. Lirudishe gari la watu, hata kama mwenyewe amekwisha kwenda nalo, na hasa kama amekwisha kwenda nalo. Toa filta. Futa, tazama, pitisha kucha. Kisha tafuta nguo nyeupe, ukikosa kabisa, vua shati lako, ulitandike chini ya injini, ukae unywe chai mbele ya kila mtu anayekucheka. Likitoka safi, nipigie simu uniamkie. Ukinipigia kabla ya hapo, utaniamkia na sitaitikia.